Rangi Inayoita Radi

Watu husema hasira hupoa. Yangu haijapoa, na sina haraka ya kuipoza. Nikisikia mtu redioni akisema kwamba wavuvi wa ziwa letu hufa kwa sababu ni wabishi, naizima hiyo redio kabla sijaivunja.

Kazi yangu ilikuwa hali ya hewa. Miaka ya tisini, kabla zile mvua za El Nino hazijaja kuwafundisha watu wote neno jipya, nilikuwa msaidizi katika kituo kidogo pale Suna, Migori. Kituo chenyewe kilikuwa uwanja wa nyasi uliozungushiwa seng'enge, ndani yake kibanda cheupe cha vipimajoto, kopo la kupimia mvua, na mlingoti wa kupimia upepo ambao kunguru waliufanya kwao. Kila saa tatu asubuhi unasoma, unajaza fomu, unapiga simu Nairobi, unarudi ndani. Wanaume niliofanya nao kazi walisoma vipimo kama mtu anayesoma mita ya maji. Wanaangalia, wanaandika, wanarudi kwenye chai.

Mimi nilipenda mawingu. Sioni haya kusema. Nilikuwa nikiona wingu limesimama upande wa vilima vya Kisii, limepanda, limepanda tena, halafu kichwa chake kimetandazwa bapa kama sinia, basi chakula cha mchana hakinishuki. Naomba ruhusa, nachukua pikipiki ya ofisi, naweka mafuta kwa pesa yangu, huyoo! Nimepita Rongo, naenda kulikuta mahali litakapopasukia. Wanawake wa sokoni walinicheka sana. Walikuwa wanafunika mahindi yao na kukimbilia verandani, na mimi ndio napita nikielekea kule kule kweusi. "Yawa! Sisi tunaikimbia mvua, huyu mama anaikimbilia! Imekuwekea nini huko?" Nami nacheka, napiga honi, naenda.

Nilinyeshewa nikaugua homa ya mapafu. Nilianguka kwenye tope mara sijui ngapi. Mawe ya mvua yaliniachia kovu hapa juu ya jicho. Lakini nilijifunza kitu ambacho hakikuwa kwenye fomu ya mtu yeyote. Joto la mchana huvuta hewa kutoka ziwani, hewa hiyo inapanda vilima, na huko juu inageuka dhoruba. Jioni ikikaribia, dhoruba inashuka kurudi kule hewa ilikotoka. Niliandika kwenye madaftari ya mraba, misimu miwili mizima: mawe yameanguka Oyugis saa ngapi, upepo umepiga ziwa pale Homa Bay saa ngapi. Mawe ya Oyugis yakianguka saa tisa, upepo ulifika ziwani kabla ya saa kumi na moja. Kila mara? La, si kila mara. Lakini mara nyingi kiasi kwamba mtu mwenye akili angeiacha mashua yake nchi kavu.

Na saa hizo hizo ndizo wavuvi wa omena wanasukuma mashua. Omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa gizani kwa taa za karabai, kwa hiyo watu huondoka jua likiwa bado liko, wapate kufika mbali. Yaani wanaingia majini saa ile ile dhoruba inaposhuka kuwakuta. Huko nyuma walikuwa wakifa, na kijiji kinalia, na watu wanasema ni ziwa limechukua.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa pale pale, kwenye ufuo mmoja nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Mumewe alikuwa na mashua yake ya omena na watu watatu wa kupiga makasia. Shemeji yangu huyo ndiye mtu wa kwanza kuyasoma madaftari yangu mpaka mwisho. Aliyasoma akiwa ameketi juu ya nyavu, akilamba kidole kila anapogeuza ukurasa, na alipomaliza hakunisifu. Aliniuliza swali.

"Sasa shemeji, ukiwa Oyugis umeona mawe, mimi hapa nitajuaje?"

Nikamwambia nitapiga simu.

"Simu utaupigia mti? Na kama nimeshaingia majini? Sauti haifiki huko. Tupe kitu cha kuonekana."

Basi tukakitengeneza, sisi wawili, bila ofisi. Oyugis palikuwa na mfanyabiashara Mwislamu, mtu wa Pwani, mwenye duka la vyombo na simu. Ndugu yake alikuwa na duka Homa Bay, nalo lilikuwa na simu. Nikiona mawe, napiga kutoka duka la Oyugis. Ndugu wa Homa Bay anapanda baiskeli mpaka ufuoni. Ufuoni kunapandishwa bendera juu ya mlingoti mrefu, na kila aliye majini akiiona anageuza. Mlingoti shemeji aliukata mwenyewe. Kilichobaki ni bendera tu.

Kosa langu lilianza hapo. Badala ya kununua kitambaa sokoni, nilitaka jambo lifanywe kiserikali. Niliandika barua kwa mkubwa wangu wa kazi, nikaeleza mpango, nikaomba bendera yenye muhuri ili watu waiheshimu. Miezi ikapita. Siku moja akaniita, na juu ya meza palikuwa na bahasha kubwa ya kaki. Nikaifungua. Kitambaa kizuri, kizito, kimeshonwa pindo mara mbili.

Chekundu.

Asiyetoka kwetu huenda asielewe kwa nini nilikirudisha ndani ya bahasha. Kwetu, wingu likikaribia, nyekundu huvuliwa. Tukiwa wadogo, mama alikuwa akisikia tu ngurumo ya mbali, anapiga kelele: mwenye shati jekundu alivue, kioo kigeuzwe ukutani, blanketi jekundu liondolewe kwenye kamba. Nyekundu inaita radi. Na radi kwetu si hadithi, maana huua ng'ombe malishoni na watoto darasani. Kila ukoo una mtu wake wa kumtaja. Sasa unataka watu hao hao, wingu likiwa limewafika kichwani, wasimame ufuoni na kuivuta nyekundu juu ya mlingoti?

Nikamwambia mkubwa wangu, "Mzee, watu wa huku hawataipandisha hii. Tupe rangi nyingine. Rangi yoyote."

"Nyekundu ni hatari. Dunia nzima inajua."

"Si huku, mzee."

Akaegemea kiti, akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja. "Wewe ni mtaalamu ama ni mganga?"

Wanaume wawili waliokuwa mle ndani wakacheka. Nami, mwanamke pekee katika ofisi ile, niliyekuwa nimesoma kwa taabu mpaka nikakipata kile cheti, nikaona aibu. Sikutaka kuwa mganga. Nikachukua bahasha, nikasaini kwamba nimeipokea, nikasema, "Sawa mzee." Sawa mzee! Nikikumbuka maneno hayo mawili natamani kujichapa.

Halafu nikafanya baya zaidi. Aibu ile niliibeba mpaka ufuoni na kuwamwagia watu wangu. Kamati ya wavuvi ilikusanyika karibu na vichanja vya kuanikia omena, na mimi nikasimama mbele yao nikiwa na bendera mkononi, nikawapa somo. Nikawaambia umeme haujui rangi. Nikawaambia umeme hutafuta kilicho kirefu, na kwamba mambo ya kuvua mashati ni ya bibi zetu. Nilisema kwa ule ukali wa mtu aliyechekwa na wenzake. Walinisikiliza kwa heshima. Mwisho shemeji akainua mkono.

"Mtaalamu, nina swali. Ile sweta yako ya kazi, ile nyekundu unayoipenda, leo umeiacha wapi?"

Nikajitazama. Asubuhi ile kulikuwa na mawingu, nami nilikuwa nimeiacha ofisini, kama nilivyofanya kila siku ya mawingu tangu niajiriwe. Sikuwa hata nimewahi kujiuliza kwa nini. Watu walicheka mpaka mwenyekiti wa kamati akatoa kitambaa kufuta machozi. Wangenicheka na kuishia hapo ingekuwa heri. Lakini badala ya kucheka nao na kusema, jamani, ni kweli, hii rangi hata mimi siiwezi, twendeni sokoni tutafute nyingine, nilikasirika. Nikasema sikuja kuchezewa, hiyo ni mali ya serikali.

Mwenyekiti akaacha kucheka. Akainuka, akaipokea bendera kwa mikono miwili. "Asante sana, mama. Tumepokea. Tutaiweka."

Mimi nimezaliwa kule. Najua maana ya "tutaiweka". Mgeni wa serikali hakatazwi usoni. Anapokelewa, anapewa soda, anasindikizwa mpaka barabarani, na alicholeta kinawekwa. Kikawekwa ndani ya banda la nyavu, chini ya magunia, kikiwa kimekunjwa vizuri. Shemeji alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. "Usikasirike," akaniambia. "Siku ukirudi, lete nyingine." Nikamjibu kwamba nyingine haipo. Kule ofisini mkubwa wangu akaandika kwamba wananchi wameipokea bendera kwa furaha.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, siku ya joto la kuchomachoma, hata majani ya migomba yalikuwa yamelegea. Kufikia saa nane nilikuwa Oyugis, na wingu lilikuwa juu ya mji, chini yake kijani kibichi. Wanaojua wanajua: kijani kile ni mawe. Yalianza kuanguka saa tisa kasoro. Yalivunja vigae vya kanisa, yaliwaangusha kuku, yalitoboa miavuli ya wauza nyanya. Niliokota moja nikalilinganisha na kiberiti; lilikuwa kubwa kuliko kiberiti. Na aibu iliyoje kusema hivi sasa, lakini moyo wangu ulikuwa unaruka kwa raha. Sikuwahi kuona dhoruba nzuri namna ile. Niliingia dukani nimelowa chapachapa, nikapiga simu Homa Bay. Simu ikaita, ikapokelewa.

"Inakuja," nikasema. "Hii ni kubwa. Waambie wapandishe."

"Hewala, dada," akasema yule ndugu. Nikasikia akifunga mlango wa duka hata kabla hajaweka simu.

Yaliyotokea ufuoni niliambiwa na watu wengi, nao hawakutofautiana. Yule ndugu wa Homa Bay alifika na baiskeli yake, jasho linamtoka. Mashua nyingi zilikuwa bado ufuoni, na wenyewe walipoambiwa wakaacha kusukuma. Hao wote walipona. Lakini nne zilikuwa zimeshatoka mapema, maana samaki walikuwa wamesogea mbali wiki ile. Zilionekana, lakini sauti haikuzifika. Mwenyekiti akaitoa bendera chini ya magunia. Wingu lilikuwa limeshaziba upande wote wa mashariki na ngurumo zinafuatana. Akaishika, akamtazama huyu, akamtazama yule. Hakuna mtu aliyenyoosha mkono. Yule ndugu mwenye baiskeli, mtu wa Pwani ambaye kwao nyekundu ni rangi tu, akasema nipeni niipandishe mimi. Wanawake wakamshika mikono. "Unataka kutumaliza sisi na watoto?" Wakati wanasukumana, radi ikapiga mkuyu ulio nyuma ya vichanja. Bendera ikaanguka mchangani, na baada ya hapo hakuna aliyeisogelea tena.

Basi wakavua mashati wakayapunga. Dada yangu akavua leso akaipunga. Lakini hapo ufuoni watu hupunga nguo kila siku ya Mungu: wachuuzi wakipata gari la kwenda mjini hupunga, mke akisahau kumpa mumewe chakula hupunga, watoto hupunga kwa kucheza. Haikuwa ishara ya kitu chochote. Dada yangu alimwona mumewe, mbali lakini alimtambua kwa kofia, akisimama ndani ya mashua. Na yeye akapunga mkono.

Mimi nilikuwa barabarani nyuma ya dhoruba, naikimbiza nisiifikie. Matawi yalikuwa yamelala njiani, mawe meupe yamejaa mitaroni. Nilipofika ufuoni mvua ilikuwa inamalizikia na jua limetoka upande wa ziwa, jua zuri kabisa la saa kumi na moja na nusu. Mashua mbili zilikuwa zimerudi, zimejaa maji. Dada yangu alikuwa amesimama hadi magotini ndani ya ziwa.

Walipatikana siku ya tatu, shemeji na mmoja wa watu wake, na wengine baadaye. Watu wanane kwa jumla. Tukazika mmoja baada ya mwingine.

Niliporudi kazini mkubwa wangu alikuwa ameshaandika ripoti. Ilisema onyo lilitolewa kwa wakati, vifaa vilikuwepo, na wananchi walikaidi ishara kwa sababu ya ushirikina. Alinitaka nisaini kama shahidi, kwa vile mimi ni mwenyeji. Akanipa pole ya msiba, akatikisa kichwa, akasema, "Ndiyo hivyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Sijui kama mtu ambaye hajawahi kuzika anaweza kuelewa nilivyojisikia. Guu? Watu wanane wako chini ya udongo, huyu ananiambia habari ya guu! Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo sikujua kama ninayo. Nilimwambia mkuu ndiye asiyesikia, kwamba aliambiwa uso kwa uso, ndani ya chumba hiki hiki, akaona ni afadhali achekeshe watu. Wale wawili safari hii hawakucheka. Na nilipoishiwa na pumzi, nikachukua kalamu. Chini ya ripoti yake nikaandika kwa mkono wangu kwamba mwandishi wa maneno haya alijua tangu siku ya kwanza kuwa bendera nyekundu haitapandishwa, na aliipeleka. Nikasaini hapo. Sikumwandika yeye. Alikuwa na lake la kujibu, nami nilikuwa na langu, na langu halikuwa dogo. Akaichana mbele yangu, akaandika nyingine bila jina langu. Hiyo ndiyo iliyokwenda Nairobi. Huenda hata sasa iko kwenye faili fulani, inawasema wafu.

Sikufukuzwa. Ingekuwa nafuu. Niliendelea kusoma kopo la mvua kila saa tatu asubuhi, na kwa miezi mingi sikulikimbilia wingu lolote. Na kwa dada sikwenda. Nilituma sukari, nilituma sabuni, nilituma salamu kwa watu. Yeye alinirudishia salamu, basi.

Msimu wa mvua uliofuata, yeye ndiye aliyeniita. Nilimkuta ameketi mlangoni na ile sindano ya mbao ya kushonea nyavu, ameunganisha magunia manne meupe ya sukari. Alikuwa ameyafua mpaka maandishi yakafifia. Hakunisalimia kwa maneno mengi. "Shika huku," akasema. Nikashika pindo, akamaliza kushona upande wake. Kisha tukaenda kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akaigusa ile kazi, akasema hata yeye anaweza kuivuta hiyo, hata radi ikiwa inamtazama. Hakuna kikao, hakuna soda. Jioni ile kila mwenye mashua alikuwa ameshaambiwa.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nimemtembelea tena, na simu ikaja kutoka Oyugis. Mwenye duka sasa alikuwa anatazama mawe mwenyewe. Ndugu yake alifika kwa baiskeli. Wanawake wawili wakavuta kamba, na magunia yakapanda, meupe kabisa mbele ya wingu jeusi. Ziwani kulikuwa na mashua tano, ndogo kama punje za mtama. Ya kwanza ikageuka. Kisha ya pili. Kisha zote zikawa zinakuja, makasia yakipanda na kushuka upesi upesi, na zilikuwa zimefika na kuvutwa juu ya mchanga, watu wanacheka na kutaniana kwamba wamekosa omena kwa sababu ya gunia, ndipo upepo ukapiga.

Dada alikuwa kando yangu. Alihesabu watu walioshuka, mmoja mmoja, kwa kidole. Walipokwisha wote, akaitazama ile bendera yake.

"Kumbe kuishona ni kazi ya asubuhi moja," akasema, na hakuniangalia.